Kumuwahi mtoto kabla hajaitwa sugu: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu tabia za watoto wadogo na usalama shuleni

Nafundisha awali na darasa la kwanza, huu mwaka wa kumi na sita, na tangu nianze kuyaongelea haya kwenye vikao vya wazazi na magrupu ya walimu maswali ni yaleyale, kuna mzazi alinitumia voisi saa tano usiku anaongea kwa kunong'ona ili mtoto asisikie. Nimeyakusanya hapa na majibu yangu. Mengine nimeandika sana, mengine mistari miwili, kwa sababu ndo yanavyohitaji.

Kumuwahi mtoto ndo kufanyaje?

Kwenye makaratasi ya ofisini wanaandika afua za mapema. Maana yake ni kwamba mtoto akianza kuonyesha kupiga wenzake, kung'ata, kuharibu vitu, kugomea kila kitu, na ana miaka kama mitatu mpaka minane hivi, hatusubiri afike darasa la sita ana genge lake ndo tuitane ofisini, tunaanza saa hiyohiyo. Na kitu ambacho wazazi wengi hawakitegemei ni kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanywa kwa watu wazima wanaomzunguka, mama, baba, bibi, dada wa kazi, mwalimu. Tukibadilika sisi namna tunavyomjibu, yeye anabadilika. Nitalirudia hili mpaka mchoke.

Mwanangu ana miaka mitatu, anapiga watoto wa jirani mpaka naona aibu kutoka nje. Ndo atakuwa jambazi?

Hapana mama, pumua kwanza. Kuna mtafiti wa Canada anaitwa Richard Tremblay, amefuatilia watoto miaka mingi sana, na alichokionyesha ni kwamba umri ambao binadamu anapiga sana kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake ni kati ya miaka miwili na minne. Siyo miaka kumi na saba, ni hapo kwenye nepi. Sisi tunadhani mtoto anazaliwa mpole alafu mtaa ndo unamfundisha kupiga, kumbe kupiga kunakuja kwenyewe, kinachofundishwa ni kutopiga, kusubiri, kuomba, kusema "nimekasirika" badala ya kurusha kijiko. Wengi wanajifunza wenyewe taratibu wakiwa na watu wazima watulivu na wenye msimamo. Wa kuwaangalia ni wale ambao mpaka wanaingia darasa la kwanza bado wako palepale, au wanazidi.

Si atakua ataacha? Mbona hata sisi tulikuwa watundu?

Wengi wanaacha kweli, hilo nimeshakubali hapo juu. Ila kuna wachache hawaachi, na hao ndo tunaowaongelea. Huko Dunedin, New Zealand, walichukua watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wakawafuatilia toka wana miaka mitatu na mpaka leo bado wanawafuatilia, ni watu wazima wenye wajukuu wengine. Kutokana na utafiti ule Terrie Moffitt aliandika mwaka 1993 kwamba wavunja sheria wako makundi mawili, kuna kundi kubwa wanaofanya ujinga wakati wa ujana alafu wanatulia, na kuna kundi dogo ambalo lilianza utotoni kabisa na likaendelea. Mwaka 2011 wakaja na nyingine, kwamba uwezo wa mtoto kujizuia ukipimwa toka ana miaka mitatu hadi kumi na moja unaonyesha mengi kuhusu afya yake, hela zake na kama atagombana na sheria akiwa na miaka 32. Siyo hatima, ni dalili. Mimi naichukulia kama homa, homa haikuambii mtoto atakufa ila hukai nayo wiki tatu unasema itaisha.

Ushahidi uko wapi kwamba ukimsaidia akiwa mdogo inaleta tofauti ukubwani? Au ni maneno ya semina?

Swali zuri na hapa ntakaa kidogo.

Ule maarufu kuliko yote ni wa Ypsilanti, mji mdogo jimbo la Michigan, Marekani. Kati ya 1962 na 1967 David Weikart na wenzake walichukua watoto weusi 123 wa familia maskini, wana miaka mitatu na minne, 58 wakawaingiza kwenye chekechea nzuri na 65 hawakuingia ili walinganishe. Chekechea yenyewe ilikuwa masaa mawili na nusu asubuhi, watoto wanapanga wenyewe watacheza nini, wanacheza, alafu wanasimulia walichofanya, na kila wiki mwalimu anaenda nyumbani kukaa na mama na mtoto. Basi. Hao watoto wakafuatiliwa mpaka wana miaka 40. Waliokuwa wamekamatwa na polisi mara tano au zaidi ni asilimia 36 kwa waliosoma pale na asilimia 55 kwa ambao hawakusoma. Na cha kushangaza alama za akili zilizopanda mwanzoni zilishuka zikawa sawa na za wenzao baada ya miaka michache, watu wakasema mradi umefeli, kumbe faida ilikuwa kwenye tabia, kwenye kujizuia na kukaa na watu. Mchumi James Heckman, yule aliyepata Nobeli mwaka 2000, alikaa na hizo namba na wenzake wakakadiria kwamba hela iliyowekwa pale inarudi kwa asilimia 7 mpaka 10 kila mwaka.

Wa pili ni Montreal, na huu ndo naupenda zaidi kwa sababu unaongelea watoto kama wa kwangu. Walianza 1984 na wavulana wa chekechea kwenye shule 53 za maeneo ya kipato cha chini, wakawachukua wale ambao walimu walisema wanasumbua kweli, wengine wakapewa msaada wa miaka miwili wakiwa na miaka saba mpaka tisa. Mtoto anafundishwa shuleni namna ya kuingia kwenye mchezo, kuomba, kukataliwa bila kupigana, yaani vitu ambavyo sisi tunadhani vinajulikana tu, na mzazi anafundishwa nyumbani namna ya kuweka sheria na kusifia. Walipofika miaka 24, waliomaliza sekondari ni kama asilimia 46 kwa waliosaidiwa na 32 kwa ambao hawakusaidiwa, na wenye rekodi ya jinai kama asilimia 22 na wengine 33. Miaka miwili ya kazi, matokeo miaka kumi na tano baadaye.

Ila siwadanganyi, siyo muujiza. Kuna mradi mkubwa wa Marekani unaitwa Fast Track, ulianza 1991 na watoto 891 wenye hali ngumu, ukawahudumia miaka kumi mizima, na walipofika 25 waliokuwa na angalau tatizo moja kubwa la tabia, la akili au la madawa ni asilimia 59 upande wa waliosaidiwa na 69 upande mwingine. Umeona hiyo? Zaidi ya nusu bado walikuwa na shida. Ila hiyo tofauti ya kumi kwenye kila mia ni watu, ni watoto wa watu, na mimi mwalimu nikiambiwa kwenye darasa la mia unaweza kuokoa kumi siwezi kusema haifai.

Nyumbani tunakosea wapi? Mimi nampenda mtoto, simnyimi kitu.

Jibu liko kwenye hiyo "simnyimi kitu", samahani dada yangu. Kulikuwa na mtafiti Eugene, Oregon, anaitwa Gerald Patterson, timu yake ilikuwa inaenda majumbani inaandika kila kinachotokea kati ya mzazi na mtoto, kasema nini, kajibiwa nini, nani kanyamaza kwanza. Walichokikuta ni mduara. Ntauelezea kwa mfano wa huku kwetu.

Mtoto anataka simu. Mama anasema hapana. Mtoto analia. Mama anasema nimesema hapana. Mtoto anajitupa chini, anapiga teke mlango, jirani anachungulia. Mama anachoka, anampa simu. Kimya. Sasa hesabu kilichofundishwa hapo. Mtoto amejifunza kwamba "hapana" ya mama ina mwisho, ukipiga kelele za kutosha unafika. Na mama naye amefundishwa, amejifunza kwamba ukitoa simu kelele zinaisha, kwa hiyo kesho atatoa mapema zaidi, au siku akiwa amevurugwa atapiga kofi zito na kelele zitaisha pia, na hapo amejifunza kofi. Zidisha mara ishirini kwa siku, kwa miaka mitatu, alafu mlete shule aje kukaa na wenzake themanini. Atafanya palepale alichojua kinalipa.

Kinachosaidia ni kidogo na kinachosha: sheria chache, mbili tatu tu, "hapana" ambayo kweli ni hapana, kumsifia saa ile anafanya vizuri (siyo jioni), na adhabu ndogo inayokuja kila mara badala ya kubwa inayokuja ukikasirika. Programu kama Incredible Years ya Carolyn Webster-Stratton wa Seattle zimejengwa juu ya hayohayo, wazazi wanakaa kikundi wanaangalia video fupi za mama na mtoto wanazijadili. Hata kikundi cha vikoba kinaweza kukaa nusu saa kuongelea hili kabla ya hesabu za hisa, sioni kwa nini isiwezekane.

Lakini wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mbona tafiti zenu zinakataa fimbo?

Naulizwa hili kila kikao, na huwa anauliza baba mmoja amesimama nyuma amekunja mikono. Na mimi najibu hivi kila mara: umewahi kumkunja samaki mbichi? Unamkunja kwa mikono miwili taratibu, ukimpiga anapondeka. Methali ile inasema muwahi, haijasema mpige.

Sasa tafiti. Tanzania mwaka 2009 kulifanyika utafiti wa nchi nzima kuhusu ukatili kwa watoto, ripoti ikatoka 2011, na karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18, na sisi walimu tulitajwa sana. Kwa hiyo kama fimbo ingekuwa inatengeneza tabia, nchi yetu ingekuwa na madarasa ya malaika. Kuna utafiti mwingine ulifanyika hapahapa Tanzania kwa watoto 409 wa shule ya msingi, Tobias Hecker na wenzake walichapisha 2014, karibu wote walishachapwa, na kadiri mtoto alivyochapwa zaidi nyumbani ndivyo tabia za ukorofi zilivyokuwa nyingi zaidi. Mtu atasema labda anachapwa sana kwa sababu ni mkorofi, na ni kweli utafiti wa aina ile hauwezi kukuambia kipi kilitangulia, ila angalau hauonyeshi fimbo ikipunguza.

Sheria pia tuijue. Kwa kanuni za Tanzania za 2002 viboko havizidi vinne, anapiga mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, ni kwa kosa kubwa, inaandikwa kwenye kitabu, na mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo. Sasa niambie ni shule ngapi unazijua mwalimu wa zamu hasimami getini na fimbo anachapa waliochelewa mstari mzima. Kenya wao walishapiga marufuku toka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia.

Na mimi nimechapa. Nasema wazi kwa sababu sitaki mtu adhani naongea kutoka juu. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa na stiki ya mpera nyuma ya mlango, na darasa lilikuwa kimya kweli, ila nikitoka kwenda ofisini kuchukua chaki nasikia kelele zimelipuka kabla sijafika kona. Ule ukimya ulikuwa wa stiki, haukuwa wa watoto.

Kuna sehemu Afrika Mashariki imejaribiwa njia nyingine ikafanya kazi?

Ipo, Luwero, Uganda. Shirika la Raising Voices la Kampala lina mfumo unaitwa Good School Toolkit, shule nzima inaingia, mwalimu mkuu, walimu, kamati, wanafunzi, wanaweka sheria pamoja, wanapanga adhabu mbadala, wanajadili maana ya shule nzuri. Karen Devries na wenzake waliupima kwenye shule za msingi 42, kati ya 2012 na 2014, shule nusu wakapata mfumo ndani ya mwaka mmoja na nusu, nusu wakasubiri. Mwishoni wakawauliza wanafunzi kama wiki iliyopita walipigwa na mwalimu au mfanyakazi wa shule. Shule zilizosubiri, asilimia 49. Shule zilizopata, asilimia 31. Bado 31 ni nyingi, naumia nayo, lakini kwa mwaka mmoja na nusu tu hayo siyo mabadiliko madogo, na wanafunzi walisema wanajisikia vizuri zaidi shuleni.

Huku kwetu kuna mafunzo ya walimu ya siku tano na nusu, Mabula Nkuba na wenzake waliyajaribu kwenye sekondari 8 za serikali, na shule zilizopata mafunzo ukatili wa walimu ulipungua. Usalama wa shule tunaufikiria kama ukuta na mlinzi getini. Kwa mtoto wa miaka sita usalama ni kama mtu mzima aliye mbele yake anaogopesha au haogopeshi.

Mimi nina watoto 96 darasani, mnaniambia nimhudumie mmoja mmoja?

Sikwambii hivyo mwalimu mwenzangu, najua hali. Anza na darasa zima. Kuna mchezo wa tabia njema, ulijaribiwa mara ya kwanza kwenye darasa moja Kansas mwaka 1969, alafu katikati ya miaka ya 1980 Sheppard Kellam akaupeleka kwenye shule za Baltimore kwa watoto wa darasa la kwanza, na wale wavulana waliokuwa wakorofi zaidi walipofika miaka 19 mpaka 21 walikuwa na matatizo machache ya madawa na ya tabia kuliko wenzao ambao hawakuucheza. Mchezo tu, wa darasa la kwanza!

Unachezwa hivi. Gawa darasa timu, mimi natumia safu za madawati, kila timu iwe na wapole na watundu wamechanganyika. Sheria ziwe chache, mimi nina tatu: tunafanya kazi yetu, mikono yetu ni yetu, tunaongea kwa zamu. Unasema mchezo unaanza, dakika kumi tu mwanzoni. Mtoto akivunja sheria unasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Timu Twiga, alama moja, kuongea bila zamu," unachora kijiti ubaoni unaendelea. Timu ambayo haijazidisha alama nne imeshinda, na zote zinaweza kushinda, hilo ni muhimu sana, siyo mashindano ya kuumizana. Zawadi ni ndogo, mimi walioshinda wanatoka mapumziko kwanza au wanachagua wimbo. Baada ya wiki chache ongeza dakika, alafu anza kuucheza bila kutangaza.

Kuna mtoto atasusa na kuiharibia timu makusudi ili aone wenzake wanavyokasirika. Mimi namtoa anakuwa timu ya peke yake siku hiyo, bila maneno, kesho anarudi. Na usiruhusu timu imzomee, wakimzomea hiyo nayo ni alama.

Huo mchezo umefanya kazi kwa wote kasoro mmoja. Huyo mmoja nimfanyaje?

Mwangalie kabla hujamfanya chochote. Wiki nzima andika vitu vitatu, kilichotokea kabla, alichofanya, kilichofuata.

Nilikuwa na mtoto wa awali anang'ata. Anang'ata kweli, alama za meno zinabaki. Wazazi wa wenzake walitaka aondolewe. Niliandika siku tano kwenye nyuma ya daftari la mahudhurio, na siku ya tano nikaona kitu ambacho nilikuwa nacho mbele ya macho muda wote: hang'ati darasani, anang'ata kwenye foleni ya uji. Foleni yetu ilikuwa inachukua karibu dakika arobaini, watoto wanabanana juani na vikombe, na yeye ni mdogo kwa umbo anasukumwa mpaka nyuma. Akimng'ata mtu pale mbele, mwalimu wa zamu anamvuta pembeni anamgombeza, na ili yaishe anampa uji wake wa kwanza akakae. Yaani tulikuwa tunamlipa kwa kung'ata! Kila siku, kikombe kimoja cha uji.

Nikampa kazi, anabeba beseni la vikombe na mwenzake mmoja toka jikoni, wakishafikisha wanachukua uji wao wanakaa. Na foleni tukaigawa mbili. Aling'ata tena mara mbili mwezi ule, baadaye sikuandika tena. Hakuna miujiza hapo, ni foleni tu.

Kuna programu ya Oregon ya Hill Walker, First Step to Success, ya watoto wa chekechea wa aina hii. Msaidizi anakaa karibu na mtoto ana kadi, upande mmoja kijani mwingine nyekundu, mtoto akiwa sawa anaonyeshwa kijani na anapata pointi, akitoka kwenye mstari kadi inageuzwa bila kelele. Akifikisha pointi darasa lote linapata dakika za mchezo, kwa hiyo wenzake wanaanza kumtakia mema badala ya kumkwepa. Jioni kadi inaenda nyumbani mzazi anaona. Nimejaribu ya kwangu ya boksi la sabuni, rangi ya maji pande mbili.

Si bora ahamishwe tu, wengine wasome kwa amani?

Naelewa uchungu wa mzazi ambaye mwanae karudi na jicho limevimba, na huyo mtoto wako lazima alindwe, siku hiyohiyo. Ila kuhamisha mara nyingi ni kumhamishia mwenzio tatizo likiwa limekua. Walter Gilliam wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha mwaka 2005 kwamba kule Marekani watoto wa chekechea za serikali walikuwa wanafukuzwa zaidi ya mara tatu kuliko wa madarasa ya juu, watoto wa miaka minne! Na walimu waliokuwa na mtaalamu wa tabia wa kuja kuwashauri walifukuza wachache. Mwalimu akisaidiwa, hafukuzi.

Na msiwakusanye wakorofi wote dawati la nyuma. Hili naliomba kwa magoti. Kuna mradi wa zamani Massachusetts, Cambridge-Somerville, ulianza 1939, wavulana walipewa washauri, masomo ya ziada, kambi za likizo, kila kitu kizuri. Joan McCord alipowatafuta miaka thelathini baadaye akakuta waliosaidiwa hali yao ni mbaya kuliko ambao hawakusaidiwa, na uchambuzi wa baadaye ukaonyesha madhara yalikuwa zaidi kwa wale waliopelekwa kambini pamoja mara kwa mara. Walifundishana. Kwa hiyo nia njema haitoshi, ndo maana nang'ang'ania tafiti.

Je mwalimu anaweza kutambua mapema nani atakuja kuleta fujo kubwa shuleni?

Hapana, na tusijaribu kutabiri mtu. Marekani, kwenye nchi inayosumbuliwa na mashambulizi ya bunduki shuleni, Secret Service, yaani kikosi kinachomlinda rais wao, na wizara yao ya elimu walichambua matukio 37 ya 1974 mpaka 2000 wakatoa ripoti 2002, wakasema hakuna sura moja ya mshambuliaji. Ila waligundua kwamba kwenye matukio mengi sana kulikuwa na mtu, mara nyingi mwanafunzi mwenzake, aliyejua kabla. Kinachookoa ni shule ambayo mtoto anaweza kwenda kumwambia mtu mzima akasikilizwa. Mtoto akishapewa jina "jambazi" akiwa darasa la pili, hilo jina linamtangulia kila darasa analoingia, na haendi kumwambia mwalimu chochote.

Huku Kenya shida yetu ni mabweni kuchomwa. Hii ya watoto wa miaka mitano inatusaidia nini?

Kwa haraka haihusiani, na sitaki kulazimisha. Kwenye moto wa bweni la sekondari ya Kyanguli, mwaka 2001, walikufa wavulana 67, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Pale kwanza ni milango inayofunguka kwa nje, madirisha yasiyo na grili, kutojaza vitanda, mambo ambayo mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa 2008 uliyaandika yote, yafuatwe tu. Pili ni kusikiliza malalamiko kabla hayajawa petroli. Kulea tabia ya mtoto wa PP1, yaani awali ya kule Kenya, hakuwezi kufungua mlango wa bweni.

Hatuna hela wala wanasaikolojia. Haya si ya Wazungu?

Angalia Jamaica. Kingston, mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wana miezi 9 mpaka 24. Wengine walitembelewa kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa jamii, siyo madaktari, lisaa limoja kumfundisha mama kucheza na mtoto kwa midoli iliyotengenezwa na vitu vya nyumbani, chupa, maboksi, vitambaa. Walipofika miaka 22 walikuwa na mapigano machache na kipato chao kilikuwa juu kwa kama asilimia 25 kuliko ambao hawakutembelewa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao. Vifuniko vya chupa tunavyo.

Mwanangu haambiliki kabisa, kama vile hasikii.

Mpeleke akapimwe masikio. Kweli kabisa. Usaha wa sikio, macho, degedege, kukosa usingizi, njaa, usonji, vyote vinaonekana kama ukorofi kwa mwalimu mwenye watoto tisini. Anza hospitali.

Wangu ana miaka kumi na moja tayari. Nimechelewa?

Ni ngumu zaidi ila hujachelewa. Afrika Kusini, jimbo la Eastern Cape, familia 552 zenye vijana wa miaka kumi mpaka kumi na nane zilijaribiwa programu ya vikao 14, mzazi na kijana pamoja, na kupigwa na kutukanwa nyumbani kulipungua. Wazo lilelile, mtu mzima anajifunza, mtoto anafuata. Muda utakaohitajika ndo utakuwa mrefu.

Kesho nimeitwa shule kuhusu mtoto. Niseme nini?

Nenda na daftari. Msalimie mwalimu vizuri, usianze na "mwanangu hawezi kufanya hivyo" wala usimzabe kofi mtoto mbele ya ofisi kuonyesha kwamba na wewe ni mkali, nimeona wazazi wakifanya hivyo na mtoto anaangalia tu chini. Uliza: inatokea saa ngapi? Yuko na nani? Kabla yake kulikuwa na nini? Baada ya hapo mnafanyaje? Alafu mwambie na nyumbani inakuwaje, ukweli wote, hata kama baba yake ameondoka, hata kama mnalala kwa majirani. Chagueni kitu kimoja tu cha kufanyia kazi, kisizidi kimoja, na namna ya kupeana taarifa kila jioni, hata kijikaratasi chenye alama ya tiki kwenye begi. Na kabla hujanyanyuka kwenye kile kiti, uliza tunaonana tena siku gani, iandike.